Kisa kimo kwenye jina

(Maneno niliyoyasema alasiri moja mjini Mombasa, mbele ya mafundi cherehani, walimu na wanafunzi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka. Nimepunguza tu pale nilipokuwa nikikunjua na kukunja nguo.)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, shikamoni. Mwalimu aliyenialika aliniomba nije na vitu vichache vya kuonyesha. Nimekuja na sanduku la bati, foronya mbili zilizojaa, na kopo la biskuti lenye vifungo. Kijana wa tuktuk akaniuliza, "Mama, unahama?" Kwa hiyo mtanivumilia nikiinama na kuinuka.

Nakusanya nguo na mapambo ya mwilini yenye visa vya wanyama. Naomba mnisikie vizuri hapo, kwa sababu watu wakisikia "wanyama" huniletea shati la madoa ya chui, mtandio wa pundamilia, hata viatu vya ngozi ya nyoka. Nashukuru, lakini sivyo nivitafutavyo. Tausi aliyesimama katikati ya nguo akajikunjua mkia ni pambo. Mimi nataka mnyama aliye ndani ya jambo: anadanganya, anadanganywa, ana njaa, anakimbizwa, anamjibu mwenzake. Mnyama msemaji, yule wa paukwa pakawa.

Nianze na hii hapa. Nguo ya kulalia ya mtoto, mikono mirefu, pamba, imefifia magotini. Niliitoa Kongowea kwenye rundo la mitumba kwa shilingi hamsini. Tazameni kifuani. Kuna sungura amelala chini ya mti, masikio yameanguka. Nyuma yake kobe anapita, shingo mbele, na kwa mbali kuna kamba imefungwa kwenye vijiti viwili. Muuzaji aliniambia, "Mama, hiyo ni ya mtoto wa miaka mitatu, haitakufaa." Nikamwambia najua.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mjukuu wangu, wakati huo ana miaka minne. Nikamuuliza, hapa kuna nini? Akatazama kwa makini kabisa, akasema, "Sungura mgonjwa. Kobe amekwenda kumjulia hali."

Mnacheka, lakini mtoto yule alisoma sawasawa kilichochorwa. Mmoja amelala, mwingine anakuja. Mbio ziko wapi? Mbio zimo kichwani mwangu mimi niliyesimuliwa. Na hata mimi, zipo mbio gani? Maana kuna simulizi ile ya vitabuni, ambapo kobe anashinda kwa kutochoka. Halafu kuna ile inayosimuliwa sehemu nyingi za Afrika, ambapo kobe huwapanga ndugu zake njia nzima. Sungura kila akipiga kona anamkuta kobe mbele yake, anakazana hadi roho inamtoka, na kobe mwenyewe hakuondoka alipokuwa. Katika ile ya kwanza kobe ni mvumilivu. Katika ya pili ni tapeli, na wasikilizaji humshangilia vilevile. Nguo hii haisemi ni kobe yupi. Mtoto wa Ulaya aliyeivaa aliota ya kwanza, na mimi nikiitazama huiona ya pili.

Hilo ndilo lililonifikisha hapa baada ya miaka mingi ya kuokota na kununua. Picha hukumbusha kisa, haikisimulii. Akiondoka anayekijua, linabaki sungura lililolala.

Sasa tuje kwenye leso, ndizo zilizojaza sanduku.

Walio wageni na pwani wataniwia radhi nikieleza ambayo wengine mmezaliwa nayo. Leso, au kanga kama wasemavyo ndugu zetu wa Unguja na bara, ina pindo, huo ukingo unaozunguka pande zote nne. Ina mji, hapo katikati. Na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Huuzwa doti, mbili zimeungana, ukate upinde mwenyewe. Neno leso ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora, havijatenganishwa. Walikata vitatu, wakakata vitatu vingine, wakaviunga ubavu kwa ubavu ikapatikana nguo ya kujifunga. Wenye maduka wakaona biashara, wakaagiza kipande kizima kilichochapwa. Na hili jina kanga husimuliwa kwamba limetoka kwa ndege kanga, kwa yale madoa meupe ya nguo za mwanzo. Yaani kabla hajachorwa mnyama yeyote, nguo yenyewe ilikwisha kuitwa ndege.

Maneno yalikuja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi za Kirumi. Hapa Mombasa hatuwezi kuyataja bila kumtaja Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, na duka lake la tangu 1887. Leso zake hadi leo zina alama ukingoni, Mali ya Abdulla. Mkipita Biashara Street mtaziona zimetundikwa.

Mkusanyaji wa visa vya wanyama akiingia Biashara Street anakwama, na ni hapa nilipokwama mimi miaka ya mwanzo. Nilikuwa natafuta kwa macho. Nasimama mlangoni, natazama zilizotundikwa: korosho, maua, nanasi, birika, nyota, mwenge. Mnyama mmoja mmoja, kuku hapa, samaki pale. Nikasema moyoni, watu wetu hawakuvaa hadithi. Mpaka siku moja mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezungumza Kimvita kuliko mimi, akaniuliza natafuta nini hasa. Nikamwambia. Akacheka, akanishushia leso hii.

Isomeni. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Na katikati, kwenye mji? Mananasi manne.

Hakuna chura, hakuna ng'ombe, maji hayapo. Lakini someni tena hayo maneno saba. Kuna bwawa. Kuna kiumbe kidogo chenye sauti kubwa, na kiumbe kikubwa chenye kiu. Mmoja anapiga makelele, mwingine anainamisha shingo. Kisa kizima kimo, na hakikuhitaji tone la rangi. Kwetu kisa kimo kwenye jina. Leso huwindwa kwa masikio. Tangu siku hiyo nikiingia dukani sitazami juu. Naketi nawasomesha: "Hebu nisomee majina." Vijana wa duka wananichukia, lakini chai wananipa.

Ndivyo nilivyozipata hizi. "Fadhila za punda ni mateke," mji wake maua. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," mji wake vishada vya zabibu. "Wapiganapo tembo nyasi huumia." Hii imenunuliwa sana nyakati za siasa, na mnajua kwa nini. Wachora michoro na waandika majina mara nyingi hawakujuana. Mchoro ulichapwa na jina hili mwaka huu, mwakani ukachapwa na jina jingine. Mteja alichagua jina.

Iliyo karibu zaidi na roho yangu ni hii ya manjano. "Sizitaki mbichi hizi."

Kila mtu hapa anaijua. Wazungu husimulia mbweha na zabibu, ile ya Aesop, msimulizi wa Ugiriki ya kale. Mbweha karuka karuka hakuzifikia, akaondoka akisema bado kali. Kwetu mbweha alivuliwa kazi akapewa sungura, na ni haki, maana katika hadithi za Kiswahili nani mwingine angekuwa na ulimi huo. Lakini tazameni maneno yenyewe, walimu wa Kiswahili mnisaidie. Sungura hakutajwa. Tunda halikutajwa. Kuna nini? Kuna -zi- ndani ya kitenzi, kuna mbichi, na kuna hizi. Basi. Kipatanishi ndicho kimebeba hadithi yote. Zabibu? Hizi. Ndizi? Hizi. Nyanya yangu alisimulia za ndizi, kwa sababu zabibu aliziona kavu tu, kwenye biriani, na tunda kavu haliwezi kuwa bichi. Hakukosea sarufi hata kidogo.

Na kwa kuwa tunda halikutajwa, mvaaji analiweka analotaka. Pesa ni hizi. Nyumba ni hizi. Nguo ni hizi. Habari ni hizi. Shangazi yangu mmoja aliposwa, posa ikavunjwa na upande wa mume, akaivaa leso hii wiki nzima sokoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza sungura ni nani. Sijaona fundi wa picha popote duniani aliyeweza kuacha tunda wazi namna hiyo. Ukichora zabibu, umekwisha kusema zabibu.

Nyanya yangu alikuwa na mipaka yake pia. Leso yenye picha ya kiumbe chenye roho hakuswalia. Hizo zilikuwa za jikoni, za kubebea mtoto, za kutokea barazani. Ya kuswalia ilikuwa na maua au nukta. Lakini jina lenye mnyama halikumsumbua, na naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya visa vyetu vikae kwenye maneno zaidi kuliko kwenye michoro. Sizungumzi kama mwanachuoni, nazungumza kama mjukuu aliyekuwa akitumwa kwenda kuleta leso na kurudishwa nayo: "Si hiyo, ina jogoo."

Sasa niwaonyeshe iliyonifundisha adabu.

Hii niliikuta katika sanduku la nyanya baada ya maziko. Rangi ya udongo na nyeupe, imechoka. Mji una mtungi, na juu ya mtungi ndege mweusi, kichwa chini. Chini ya mtungi vidoa, labda kokoto, labda mapambo. Jina halipo. Tazameni chini, imekatwa na kupindwa upya. Mtu aliitengeneza iwe fupi, pengine ya kumbebea mtoto, na mkasi ukapita juu ya maneno. Mafundi mliomo humu, nawaangalia. Kila dera na kila gauni la leso mnalokata, jina huenda wapi? Kwenye kapu la vitambaa vya kufutia cherehani.

Basi mimi nikafurahi. Nikasema huyu ni kunguru wa kwenye kisa, aliyekuta maji yako chini mtungini, mdomo haufiki, akatia kijiwe kimoja kimoja hadi maji yakapanda. Nikaandika karatasi, nikaibandika: Kunguru na mtungi. Nikaonyesha watu. Nikatoa na maelezo kuhusu subira na akili, maelezo marefu tu.

Siku moja akaja nyanya mdogo, dada yake marehemu. Akaiona, akapiga kofi. "Ahaa, hii! Hii dada aliivalia jirani." Jirani gani? Akaniambia, kulikuwa na mwanamke mlango wa pili ambaye kila jioni alituma mtoto kuomba. Leo chumvi, kesho pilipili, keshokutwa mafuta kidogo tu ya kukaangia. Harudishi. Dada akavumilia hadi siku ilipotoka leso hii dukani, akaikimbilia. Akajifunga, akaenda kukaa barazani mkabala na mlango wa yule mama. Nikamuuliza, jina lilikuwa nini, nyanya? Akasema kama aliyeisoma jana, "Haba na haba hujaza kibaba."

Mmeona? Kunguru ni kweli alikuwa kunguru, na vijiwe vilikuwa vijiwe. Kitabuni yeye ndiye mwenye akili, sisi tunaambiwa tuwe kama yeye. Pale barazani kunguru alikuwa mdokozi, kila jioni kijiwe kimoja, na mtungi uliokuwa ukijazwa ulikuwa jikoni kwa jirani. Nyanya yangu alikigeuza kisa kichwa chini miguu juu, akakivaa kiunoni. Maelezo yangu yote kuhusu subira niliyachana siku ile ile. Karatasi iliyobandikwa sasa ina habari ya chumvi.

Tangu hapo kila kitu ninachokichukua nakiandikia mambo matatu: nani alikivaa, mbele ya nani, na alikusudia nini. Anayeniuzia asipojua, naandika hajui.

Haya, kopo la biskuti.

Hivi ni vifungo. Mpwa wangu aishiye Uingereza hunitumia mmoja mmoja akivikuta kwenye masoko ya vitu vya zamani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya Birmingham na vya Ufaransa vilitoa vifungo vya madini vilivyopigwa chapa za picha, vya kuvaliwa kwenye makoti na magauni ya wanawake, na visa vya wanyama vilikuwamo. Marekani wakusanyaji wa vifungo wana chama chao tangu 1938, na hata mashindano ya kupanga vifungo kwenye kadi. Msinitazame hivyo, kila mtu na ugonjwa wake.

Pitisheni hiki, lakini kirudi. Ukubwa wake kama shilingi ishirini. Ukikigeuza mwangani utaona mbweha ameketi, mkia umeizunguka miguu. Mbele yake jagi lenye shingo nyembamba kuliko pua yake. Korongo amezamisha mdomo wote humo ndani, anakula. Kwanza mbweha alimwalika korongo akampakulia uji kwenye sahani bapa, akaramba mwenyewe. Hii ni zamu ya korongo kulipa. Fundi alichagua dakika hiyo tu. Na wazieni kilipokuwa kimeshonwa: kifuani mwa mwanamke aliyekwenda kula chakula cha jioni nyumbani kwa watu. Angeweza kuwa anatangaza jambo kama nyanya. Lakini kwa ukubwa huu, ni nani angeona asipokuwa ameketi karibu sana?

Kisa cha mbweha na korongo kinajulikana Ufaransa kwa shairi la La Fontaine, aliyetoa mkusanyo wake wa kwanza mwaka 1668. Miaka kumi baadaye, alipotoa mwingine, aliandika mwanzoni kwamba sehemu kubwa ya visa hivyo vipya anadaiwa na Pilpay, mwenye hekima wa Kihindi. Nilipolisoma hilo niliketi. Kwa sababu huyo Pilpay ni Bidpai, mwanahekima wa Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8. Alikitoa katika Kiajemi, na Waajemi walikitoa India, kwenye visa vya Panchatantra. Na njia hiyo hiyo ilikuwa na tawi lililoteremka kwetu.

Wangapi wanakijua kisa cha kima na papa? Mikono juu. Wazee wote, vijana watatu. Sawa.

Kima alikuwa akila juu ya mkuyu uliotoa matawi juu ya bahari. Papa yuko chini, anaomba atupiwe. Wakafanya urafiki. Siku moja papa akamwambia, panda mgongoni nikupeleke kwetu ukakirimiwe. Katikati ya bahari akamwambia ukweli: Sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, ungeniambia mapema! Sisi tukitoka, mioyo yetu huiacha juu ya miti. Nirudishe nikauchukue. Akarudishwa, akapanda juu, na papa akingojea chini hadi leo.

Kisa hiki Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikichapa London mwaka 1870, kwa Kiswahili cha Unguja, ndani ya Kisa cha Punda wa Dobi. Sasa fuatilieni mti. Kule Panchatantra kima anakaa juu ya mti wa jambu, na huo ni mzambarau, huu huu unaotutia midomo yetu rangi. Katika Kalila wa Dimna mzambarau umekuwa mtini, na anayekaa majini ni kasa. Alipofika kwetu yupo juu ya mkuyu. Na mkuyu ni nini kama si ndugu wa mtini? Tunda ni la ukoo uleule. Msimulizi wa pwani aliubadilisha mti kwa mti, akabakisha ukoo, na mwenyeji wa majini akamfanya papa, kwa kuwa huku hakuna anayemwogopa kasa. Wajapani nao wanakisimulia. Kwao kinachotafutwa ni ini la nyani, na yavuyavu, kiumbe wa baharini aliyetumwa kumleta, akapigwa kwa uzembe mpaka mifupa ikamtoka. Ndiyo maana yavuyavu ni laini.

Nimekitafuta kisa hicho kwenye leso kwa miaka ishirini na saba. Kima na papa, au jina linalogusa moyo ulioachwa mtini. Nimeona papa, nimeona kima, nimeona mioyo isiyo na idadi, leso zetu zimejaa mioyo. Pamoja bado. Mwenye nayo humu ndani aniambie bei kabla ya kahawa.

Kwa kuwa nimewataja Wajapani, niseme neno juu ya netsuke. Kimono haina mfuko. Mwanamume wa enzi ya Edo, kati ya 1603 na 1868, alining'iniza kijaluba au mfuko wa tumbaku kwa uzi kutoka kwenye mshipi, na juu ya mshipi uzi ulizuiwa usiteleze na kinyago kidogo chenye matundu mawili. Hicho ndicho netsuke, cha mti au cha pembe, kinaingia kwenye kiganja. Nilikwenda makumbusho ya British Museum nikaziona nyuma ya kioo. Nimesimama sana mbele ya tanuki, mnyama wa huko anayefanana na mbweha mnene, aliyejigeuza birika la chai. Birika likapelekwa hekaluni, likatiwa motoni, likaota miguu na mkia likaruka. Fundi amemchonga nusu birika nusu mnyama. Mgongo unang'aa kwa vidole vya aliyemvaa, maana kitu cha mshipini mkono hauachi kukigusa.

Siuzi wala sinunui za pembe za ndovu, na nawasihi vijana msidanganyike na bei mkiziona mtandaoni. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Julai mwaka huo huo Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe pale Nairobi. Mkusanye za mti.

Utunzaji nitapita haraka, wengi mnaujua kuliko mimi. Leso mpya ya kuweka usiikate doti wala usiifue, wanga wa dukani acha ukae. Rangi nyekundu huchuja, msizilowanishe pamoja. Msiweke kwenye mfuko wa plastiki. Niliweka kumi na mbili namna hiyo msimu mmoja wa masika, nilipofungua koga lilikuwa limefuata mikunjo kama ramani. Sasa nazungushia kwenye bomba la kadibodi lililovishwa kitambaa cheupe cha pamba, na majani makavu ya mwarobaini sandukuni. Jua la asubuhi dakika chache, basi.

Na mjihadhari na "ya zamani sana, mama." Kuna muuzaji, simtaji wala mji wake siutaji, aliniapia kwamba leso fulani ilikuwa ya bibi yake, ya kabla ya uhuru. Ilikuwa imefifia vizuri, ina harufu ya udi, jina lenye fisi, kila kitu. Nikalipa pesa nyingi. Usiku nikaifunua ukingoni mwa kitambaa, pale panapoandikwa alama ya mwenye mali. Palikuwa na namba ya simu ya mkononi. Bado ninayo. Ni ya kweli pia kwa namna yake, na ile karatasi ya mambo matatu nimeijaza: alivaa mimi, mbele ya nafsi yangu, kwa kukusudia kuwa mjanja.

Imebaki moja. Hii sijaipa karatasi. Nilipewa Lamu na mama mmoja aliyekuwa akihama, mkononi tu, mlango ukifungwa, hata kuuliza sikuwahi. Naishika hivi ili jina lifichike kwenye kiganja changu, mwone mji peke yake: paka amelala mkekani, na panya watatu wamekaa juu ya kiti. Anayejua aseme jina lake, na zaidi ya jina aniambie ilikuwa ikivaliwa kumwendea nani.

Mama uliyeketi karibu na dirisha, naona umeshajifunika mdomo na mtandio. Anza wewe.